Mshukiwa Pekee

Gari langu dogo la Kijerumani lina kinga ya wizi, na kwa miaka yote niliyolimiliki kinga hiyo imemnasa mshukiwa mmoja tu: mimi, mwenye jina kwenye kadi.

Chanzo ni geji ya mafuta. Ilikwama kwenye nusu tangi ikakataa katakata kushuka, na mtu anayeona nusu tangi kila asubuhi hujiona amejaliwa. Neema hiyo iliishia Ubungo, saa ya watu kutoka kazini. Gari lilizima katikati ya njia huku abiria wa mwendokasi, waliosimama kwa mguu mmoja mmoja, wakinihurumia dirishani. Ukishahurumiwa na abiria wa mwendokasi, jua mambo yamekuharibikia.

Fundi umeme wangu wa Ilala aliigonga dashibodi kwa kidole, akatoa hukumu. "Mita zimekufa, bosi. Nenda Gerezani katafute za gari kama hili, mimi nachomeka tu."

Gerezani nikazipata. Muuzaji alizipuliza vumbi, akazifuta kwa shati lake, akaniapia zimetoka Uingereza, kwenye gari la bibi kizee aliyekuwa akiliendesha Jumapili tu, kwenda kanisani. Bibi huyo nimemsikia kwa kila spea niliyowahi kununua. Sijui alikuwa na magari mangapi, wala ibada ngapi.

Kuchomeka kulikuwa kuchomeka kweli. Fundi alishusha usukani, akafungua skrubu, akavuta mita za zamani, akachomoa plagi na kuchomeka za bibi. Tukawasha swichi: mishale ikainuka, geji ikasema robo tangi, ukweli mtupu. Nikapiga stati. Injini ikanguruma kidogo, ikazima. Nikapiga tena, ikanguruma, ikazima. Kwenye mita, taa ndogo ya manjano ikawa inanikonyeza.

Gereji za Dar hazikosi washauri. Mmoja alisema ni pampu ya mafuta, mwingine akasema ni plagi za injini. Muuza kahawa akasema bibi hajaridhia, na kumbe yeye ndiye aliyekaribia jibu. Ndani ya kichwa cha ufunguo mna chipu isiyo na betri. Ukiingiza ufunguo, koili iliyoizunguka swichi huipa chipu umeme kidogo na kuiuliza: wewe nani? Ikijibu sawasawa, injini inaachwa iendelee. Ikikosea, injini inazimwa. Ulaya iliyalazimisha magari mapya kuwa na kinga hii tangu 1998, na waliounda gari langu waliamua mlinzi huyo akae ndani ya mita. Kumbe nilikuwa nimenunua mlinzi wa bibi pamoja na kumbukumbu zake zote. Kila alipoutazama ufunguo wangu, aliona kibaka wa Ilala.

Fundi akanipeleka kwa kijana wa kompyuta. Huyu alieleza kwamba mlinzi wa bibi ana namba ya siri ya tarakimu 4, na ukibahatisha ukakosea anajifungia ndani na kukuongezea muda wa kungoja. "Usione hivi, mzee, kesi za hizi chipu zimefika mahakamani," akaniambia. Na ni kweli. Watafiti wa vyuo vikuu vya Birmingham na Nijmegen waligundua namna ya kuvunja siri ya chipu iitwayo Megamos Crypto, iliyotumika kwenye magari ya kampuni nyingi. Mwaka 2013 Volkswagen ikaenda Mahakama Kuu ya London, na makala yao ikazuiwa. Ilichapishwa mwaka 2015, ikiwa imeondolewa sentensi moja. Sentensi moja! Majaji na maprofesa wamevutana miaka miwili kwa ajili ya sentensi moja, na upande wangu nina fundi mwenye bisibisi.

Kijana alikuwa na njia nyingine: kuinyonya kumbukumbu ya mita zangu za zamani kutoka kwenye kichipu chenye miguu 8, kisha kuimimina kwenye hizi mpya. "Ila kwanza nione kadi ya gari. Siprogramu gari la mtu nisiyemjua."

Kadi iko kwenye chama chetu cha kuweka na kukopa, imeshikilia mkopo. Gari halinijui, kijana hanijui, na ushahidi wangu uko rehani. Ikabidi niende serikali ya mtaa kuomba barua ya utambulisho. Mwenyekiti, ambaye tunasali naye safu moja, alinitazama juu ya miwani akaniuliza kama nina mashahidi.

Usiku huo gari lililala nje ya gereji, kinga ya wizi ikiwa macho. Asubuhi vioo vya pembeni havikuwapo. Vioo havina chipu wala namba ya siri, na hakuna jaji wa London aliyewahi kuvisimamia. Kinga yake kwetu ni kuvichonga namba ya gari, nami nilikuwa nimechonga. Nikarudi Gerezani. Muuzaji aliingia ndani, akatoka na viwili, uso umemchanua: "Bosi una bahati! Hivi vina namba ya gari lako kabisa!"

Nikalipa. Kwa hiyo bahati, akanipunguzia.

Barua ilitoka, kijana akafanya kazi yake mezani, nikapiga stati, injini ikatulia. Hata kilomita zangu zilirudi zote, laki mbili na ushee, na mimi nilikuwa nimeshaanza kuzizoea zile chache za bibi. Kilichobaki cha Uingereza ni uso wa mita: tarakimu kubwa ni za maili, na kilomita zimebanwa kwa ndani, zinamtaka mwenye miwani.

Hivyo Barabara ya Bagamoyo, nikiwa nimeushikilia mshale kwenye 50 kwa adabu zote, nikapigwa tochi.

"Themanini kwenye hamsini, mzee," afande akasema.

"Hapana, afande. Njoo uone mwenyewe, mshale haukuvuka hamsini."

Akainama dirishani, akaisoma dashibodi taratibu, mstari kwa mstari.

"Hizi hamsini ni za Uingereza."

"Ndiyo, afande."

"Basi shukuru faini ni ya Tanzania," akasema, akitoa mashine yake. "Elfu thelathini tu."