Mwongozo wa Kupoteza Sifuri ya Mizani

Umejiundia mizani ya kielektroniki ya kilo 20. Hongera, fundi. Fuata hatua hizi nayo itakudanganya miaka yote.

Kwanza, usipige hesabu. Kihisi cha uzito cha kawaida hutoa milivolti 2 kwa kila volti unayokilisha. Kipe volti 5, na kilo zote 20 ni milivolti 10 tu. Gramu moja ni nusu ya maikrovolti. Ukilijua hilo utaanza kuogopa amplifaya inayokuza ishara hiyo ndogo, maana ikiteleza maikrovolti 10 kwa sababu ya joto, sahani tupu inasoma gramu 20.

Pili, weka sifuri mara tu unapowasha, kifaa kikiwa baridi, na usiiguse tena. Haraka haina baraka, lakini waliosema hivyo hawakuwa na mteja mlangoni.

Tatu, iweke dirishani, jua liipige ubavu mmoja. Daraja la Wheatstone, yaani vikinza vinne vilivyo ndani ya kihisi, hujifutia joto likienea sawasawa kwenye vikinza vyake. Jua la upande mmoja huvunja mapatano hayo. Na pale metali mbili tofauti zinapoungana, tofauti ya joto huzaa volti ya bure.

Nne, namba zikichezacheza, chukua wastani wa vipimo 1,000. Wastani hunyamazisha kelele, ila mteleko hauugusi. Utabaki na kosa lililotulia, lenye desimali nne.

Tano, gramu 20 zikizidi, punguza kizidishi kinachogeuza usomaji kuwa gramu. Kosa la kujumlisha likitibiwa kwa kuzidisha, mizani itasema kweli kwenye uzito mmoja tu.

Sita, iamuru programu ifute kila kinachopanda polepole. Kisha mimina unga kidogo kidogo uone unavyomezwa.

Ukishindwa na hayo yote, kuna njia ya aibu. Acha kifaa kipate moto. Soma sahani ambayo umeikagua mwenyewe kuwa tupu, toa namba hiyo kabla ya kuzidisha, na urudie kila upatapo nafasi. Mwenye bidii hugeuza chanya na hasi za umeme wa daraja, akasoma tena, akatoa usomaji mmoja kwa mwingine, akagawanya kwa mbili: ishara ya mzigo hugeuka pamoja na umeme, uongo wa amplifaya haugeuki, hivyo unajifuta.

Onyo: baada ya hapo, sukari ikipungua, hutakuwa na mizani ya kusingizia.