Digrii Mbili

Nilipoolewa Vuhovi, watu wa kwetu Beni walinionya juu ya baridi, juu ya utelezi na juu ya mama mkwe. Juu ya maji hakuna aliyenionya, na maji ndiyo yaliyoniaibisha.

Beni na Butembo zimeachana kwa kilomita 54 hivi tu, na Vuhovi iko pembeni, kwenye milima ya Bashu. Mtu hadhani kwamba mwendo mfupi hivyo unaweza kubadilisha maharage. Kwetu Beni nayabandika, nafagia ua, nafua, na nikimaliza kuanika nguo yameiva. Vuhovi nilifagia, nikafua, nikaanika, nikaanua, nikaonja: kokoto. Wageni walikuwa wameshaketi sebuleni wakisikiliza redio pamoja na matumbo yao.

Aliyeniokoa siku ile ni shemeji yangu, mwalimu wa fizikia. Alichukua kalamu akanichorea mlima nyuma ya daftari la mwanafunzi. Kila ukipanda mita 300 hivi, alisema, maji huchemka kwa digrii moja pungufu. Beni iko kwenye mita 1,100 hivi. Butembo imepita mita 1,700, na milima yetu ni ileile. Kwa hiyo maji ya kwenu, shemeji, yanachemka karibu na digrii 96. Ya huku karibu na 94. Yanatokota, yanatoa povu, yanapiga kelele, lakini joto lenyewe halijatimia. Ukiongeza kuni unapoteza kuni tu, maana maji yakishachemka hayapandi tena, yanageuka mvuke.

Nilizipenda digrii mbili zile kuliko zawadi zote za harusi. Nilizipeleka kwa mama mkwe siku hiyohiyo.

Mama hakubishana na fizikia. Alifunua sufuria, akachungulia, akauliza maharage haya ni ya msimu gani. Sikujua, niliyanunua sokoni kwa sababu yalikuwa yanang'aa. Kumbe yaliyokaa sana ghalani hukakamaa, na mengine hayalainiki hata ukeshe nayo. Kisha akakiinua kipande cha nyanya kwa ncha ya mwiko, akakitazama kwa huzuni. Nyanya nilikuwa nimezitia mapema, ili mchuzi ukolee. Akamtazama mwanawe. Shemeji akakohoa, akakiri kwamba asidi ya nyanya huzuia punje kulainika. Mwalimu wa fizikia aligeuka mwalimu wa kemia mbele ya macho yangu, akahamia upande wa mama yake.

"Uko mbio sana, mwana wangu," Mama akaniambia. "Maharage haiko waumini. Hauwezi kuiita na kengele."

Ndipo akanionyesha maji ya majivu. Maganda ya ndizi yanakaushwa, yanachomwa, majivu yanamwagiwa maji, na yale yanayochujika unatia kidogo sufuriani. Yanalainisha maharage upesi na kuokoa kuni. Neno "kidogo" sikulitilia maanani. Safari iliyofuata maharage yaliiva kabla ya wageni kuvua viatu, meusi, laini kama siagi, na yenye ladha ya sabuni. Baba mkwe alikula kimya mpaka mwisho, kisha akauliza kwa upole kama siku hizi tunafulia jikoni.

Kuni nazo zina mambo yake. Mikalitusi mibichi, msimu wa mvua, ndani ya jiko lenye kidirisha kimoja: unalia mpaka kamasi. Mama aliniona nikifuta macho akadhani nimekumbuka kwetu, akaniletea parachichi. Sikumsahihisha. Nilipata maparachichi mazuri msimu ule.

Lakini sombe sikushindwa, na nasema hivyo kwa sauti. Majani ya muhogo niliyatwanga kinuni, nikayachemsha muda mrefu hadi ukali wote ukatoka, nikatia mawese ya kwetu Beni, na nyumba nzima ikarudia sahani. Jambo hilo hakuna anayelisimulia kwenye sherehe. Wanalosimulia ni bugali.

Beni nasonga bugali juu ya mbabula, jiko la makaa, ya watu wanne au watano. Ukweni sufuria ni ya ukoo mzima: unaishusha chini, unaketi kwenye kiti kifupi, unaibana kwa nyayo mbili, kisha unasonga unga wa muhogo kwa mikono miwili na mwiko mrefu. Hakuna aliyeniambia kuchagua mahali pa kuketi, na ua wa Vuhovi ni mteremko. Nyayo ziliteleza. Sufuria ikalala ubavu, ikafikiri kidogo, ikaondoka. Ilipita kati ya watoto, ikavuka bustani ya lengalenga, ikashuka hadi kwa jirani huku kuku wakiifuata nyuma. Baadaye jirani alipanda na sufuria ikiwa imeoshwa vizuri, akauliza mchuzi unashuka lini.

Makayabu, samaki wa chumvi, niliyajua vizuri: lazima yalale majini usiku kucha ili chumvi itoke. Nikayalaza kwenye ndoo yenye robineti, iliyobaki nyumbani tangu miaka ile ya Ebola, 2018 hadi 2020, tulipokuwa tukinawa kila mlangoni. Ni ndoo safi, ina mfuniko, hata paka hafunui. Ila desturi ya kunawa ilibaki pamoja na ndoo. Asubuhi akaja mzee wa kanisa, akanawa mikono vizuri kabisa, hadi kwenye viwiko, akaingia kusalimu. Alizungumza nasi muda mrefu. Kila mara alinusa vidole vyake akatazama upande wa jiko, akasema inaonekana leo mama anapika vizuri. Ikabidi tumzuie ale.

Mwishowe nilijifunza: maharage mapya, loweka usiku, nyanya mwishoni, maji ya majivu kijiko kimoja, na subira ya mlimani. Mama alianza kuwaambia majirani kwamba mke wao anajua kupika. Basi nilipokwenda Beni kumsalimu mama yangu mzazi, nilimfukuza jikoni, nikapika Kivuhovi, kwa muda wa Vuhovi na kijiko cha Vuhovi. Mama akatumbukiza kijiko sufuriani akakitoa kimejaa uji.

"Huko juu munapikaga maharage, ao munaponda?"

Nikatafuta kalamu nimchoree mlima. Alikuwa ameshamtuma mtoto mandazi.