Heshima kwa Kopo

Dar es Salaam ina Sanamu ya Askari tangu 1927, ina Mnara wa Saa, ina Mwenge wake pale Mnazi Mmoja. Kopo halina hata kibao cha mtaa. Nalizungumzia lile hasa: kopo la siagi lililokwisha siagi, au dumu la lita tano lililokatwa shingo kwa kisu cha moto, linaloelea juu ya ndoo bafuni likimsubiri mwenye zamu. Lilirithi kazi kwa kata ya kifuu cha nazi, likaifanya bila mshahara, na hadi leo hakuna mgeni rasmi aliyelitaja.

Mwishoni mwa Oktoba 2022, Mto Ruvu ulipopungua, uzalishaji wa maji ya mji ulishuka kutoka lita milioni 466 kwa siku hadi milioni 300. Mgawo ukatangazwa. Mbezi Beach wakausikia kama tanzia. Mbagala Kuu na Tandale wakauliza, mgawo gani tena, huu tulio nao au kuna mwingine? Jioni ile bafu zenye vigae zikakohoa hewa, na watu waliosahau kopo tangu shule ya bweni wakaanza kulisaka stoo, chini ya mapambo ya Krismasi. Lilikuwapo. Halina kinyongo.

Hesabu yake ni nyepesi. Bomba la mvua hutoa lita nane, kumi kwa dakika. Mtu akiimba wimbo mmoja na kiitikio chake, dumu zima la lita ishirini limekwenda na povu. Kwa kopo, nusu ndoo inatosha mtu mzima, masikio yamesuguliwa na visigino pia. Wala si ushamba. Imepokewa katika hadithi kwamba Mtume alikuwa akitawadha kwa mudi moja, kipimo kisichofika lita, na kuoga kwa pishi, yaani mudi nne hadi tano. Sasa mtazame yule anayefungulia bomba la msikiti mpaka mwisho, halafu anageuka kumjibu mwenzake habari za Simba na Yanga.

Kopo pia ni serikali. Katika nyumba ya wapangaji kule Tandika lina vyeo vyake: la mtungini halikanyagi bafuni, la bafuni halikanyagi chooni, na la chooni likionekana jikoni kikao huitwa usiku huohuo, mama mwenye nyumba akiwa mwenyekiti na shahidi na hakimu. Lenyewe ndilo linalosimamia safari ya maji. Yaliyosuuza nguo yatadeki, yaliyodeki yatakwenda chooni, yaliyoosha mchele yana miadi na mpapai. Mtoto akiyamwaga uani kwa mbwembwe huulizwa kama babake ndiye Ruvu.

Wataalamu wamewahi kulipima bila kulitaja. Miaka ya 1960 Gilbert White na wenzake walizunguka Afrika Mashariki wakihesabu maji ya majumbani, Temeke na Oyster Bay zikiwamo, wakatoa kitabu chao mwaka 1972. Utafiti uliporudiwa kiasi cha miaka thelathini baadaye, nyumba zenye mabomba zilikutwa zikitumia kwa kila mtu karibu nusu tu ya kiasi cha zamani. Waliandika kwa masikitiko: mabomba yamechoka, watu wameongezeka. Mimi naona ushindi mtupu wa kopo. Ni mradi gani mwingine uliokata matumizi kwa nusu bila mkopo, bila semina, bila posho ya kikao?

Yapo mashtaka. Kipindupindu kilipolipuka Kinondoni Agosti 2015, vidole vililielekea: mkono mchafu umelishika, limezama nao ndani ya pipa, ukoo mzima umeharisha. Ni kweli tupu, na ndiyo maana waungwana huliwekea mpini na pipa huliwekea mfuniko. Lakini nalitetea. Kopo halikujipeleka kwenye pipa. Na pipa halikujaa kwa hiari yake; lilijazwa na mtu aliyekesha akisikiliza bomba la uani, kwa sababu hajui maji yatarudi Alhamisi au Alhamisi ya wiki ile nyingine.

Tena lina uadilifu ambao wakubwa wake hawana. Kwa miaka mingi zaidi ya theluthi moja ya maji ya mji huu yalipotea kabla hayajalipiwa, mengine katika mabomba yaliyopasuka, mengine kwa wizi, na barabara zikapata vidimbwi katikati ya kiangazi. Kopo likipata ufa, mama analiziba siku hiyohiyo kwa plastiki iliyoyeyushwa juu ya jiko. Haitishwi zabuni. Kisha redio inawashwa, na sauti tamu inamsihi mama huyohuyo, mwenye madumu mawili kwa watu saba, asitumie maji ovyo. Hucheka kidogo, huendelea kuchota.

Sasa linajengwa bwawa la Kidunda kule Morogoro, la kuhifadhi lita bilioni 190, ili Ruvu usitutie aibu kila kiangazi. Nalitakia heri. Ombi langu kwa waandaaji wa uzinduzi ni dogo: kopo lialikwe. Lisipewe hotuba, likaribishwe tu jukwaa kuu, kati ya mkandarasi na mkuu wa mkoa, na utepe ukishakatwa lichote la kwanza. Maturubai yakikunjwa, dereva mmoja aambiwe alirudishe Mbagala kabla ya magharibi. Watu wanataka kuoga.