Kitambaa Kinachodekezwa

Kitambaa cha nta ya nyuki kimeingia jikoni kwa hodi ya kistaarabu: pamba iliyolowekwa nta, utomvu wa msonobari na mafuta kidogo, kije kutuondolea plastiki. Sawa, karibu. Ila mgeni huyu ana masharti kuliko mganga. Nta huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hivi, kwa hiyo maji ya moto hakiyataki, wala wali unaofuka mvuke hakiutaki. Nyama mbichi na samaki ni mwiko, maana hakichemshwi kuua vijidudu. Kioshwe kwa maji baridi na sabuni laini, kianikwe kivulini. Dar es Salaam ya Februari, hicho kivuli nacho kitafutwe.

Watetezi watasema kinadumu kama mwaka mzima, na kikichakaa hupigwa pasi ya vuguvugu kati ya karatasi mbili, nta ikasambaa upya. Kweli, na kwa kufunika bakuli la kachumbari au nusu ya parachichi, kinafaa sana. Lakini Tanzania ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki Juni 2019, kawa la ukili lilikuwa limeshatundikwa ukutani miaka na miaka, na jani la mgomba halijawahi kudai sabuni laini. Nta yenyewe ipo Tabora, na Ulaya imeinunua nta ya nchi hii tangu enzi za Wajerumani. Anayekitaka kitambaa anunue bonge la nta, achane kanga kuukuu, atengeneze mwenyewe. Dukani analipia boksi na utepe.