Mgeni Njoo, Kaunti Ipone

Sina nia ya kuwasifia trafiki wa nyumbani, maana nao wana yao. Lakini ukipigwa tochi pale Mombo au Mkata, walau kuna utu. Unapaki pembeni, unashuka, unamfuata afande kivulini, unamsalimia, unamuuliza habari za kazi, mnabishana kidogo juu ya kibao cha 50 kilichomezwa na majani, kisha anakuandikia elfu thelathini yako. Unalipa kwa simu, unaendelea na safari. Na kabla hujamfikia, madereva waliotoka mbele wamekuwashia taa mpaka betri zao zimelalamika. Ukikamatwa baada ya hapo, umependa mwenyewe.

Huku Marekani usitegemee mtu akuwashie taa. Halafu kosa la dakika moja linageuka kuwa kesi ya miezi, hasa likikukuta nje ya jimbo lako.

Sisi Watanzania wa pande za Maryland na Washington tuna barabara yetu ya msalaba, nayo ni I-95. Harusi ya Raleigh, msiba wa Charlotte, kipaimara cha Atlanta: kote huko lazima uivuke Virginia yote, kaskazini mpaka kusini. Na Virginia haina mchezo. Ukizidisha maili 20 juu ya kibao, au ukivuka maili 85 kwa saa hata kama kibao kinasema 70, hiyo si faini tena, ni jinai. Sheria inaruhusu kifungo cha hadi miezi 12 na faini ya hadi dola 2,500. Mpaka katikati ya mwaka 2020 mstari ulikuwa maili 80. Wakaulegeza kwa maili tano, tuwashukuru. Kile kifaa cha kunusa rada ambacho watu wa majimbo mengine wanakibandika kwenye kioo cha mbele bila wasiwasi, Virginia ni marufuku. Maana yake wanataka ukamatwe kwa kushtukizwa.

Mimi, nikiwa njiani kwenda harusini, nilisomwa 84. Ningekanyaga mafuta kidogo tu ningekuwa naandika safu hii kwa mtindo mwingine.

Taa za buluu ziliponiwakia nyuma, mguu wangu wa kulia ulikuwa tayari unatafuta mlango. Malezi ni malezi: mkubwa anafuatwa, hasubiriwi. Huku ukishuka kwenda kumsalimia askari, anaweza kukupokea na bastola. Unakaa, mikono juu ya usukani, vidole vyote vionekane, unamtazama kwenye kioo jinsi anavyojivuta kana kwamba amelipwa kwa hatua. Mke wangu, ambaye tangu Fredericksburg alikuwa ananiuliza mbona hata malori yanatupita na bibi harusi ataingia ukumbini sisi bado tuko njiani, ghafla akawa mwanaharakati wa usalama barabarani. "Si nilikwambia?" Hakuniambia.

Nikajaribu Kiingereza changu cha unyenyekevu. Afande akasikiliza kwa adabu zote, akarudi garini kwake, akakaa huko muda wa kupika wali ukaiva, akaja na karatasi ndefu ya mashine. Akanieleza nitie saini, kwamba saini si kukiri kosa, ni ahadi tu ya kulishughulikia jambo. Chini kuna tarehe ya mahakama. Mahakama yenyewe iko hapo hapo kauntini kwao, saa tatu asubuhi, siku ya kazi. Akanitakia safari njema, na nadhani alimaanisha.

Sasa angalia ujanja ulipo. Nikitaka kubisha, lazima niombe ruhusa kazini, niamke usiku wa manane, nichome mafuta saa kadhaa kwenda kusimama mbele ya hakimu kwa dakika mbili, kisha saa kadhaa kurudi, kwa barabara ile ile yenye askari wale wale. Nikilipa bila kwenda, nimekiri. Kosa linaandikwa, na kampuni ya bima ikipitia kumbukumbu zangu itaona lililo lake. Mwenyeji wa pale anatembea kwa miguu hadi mahakamani na kurudi kunywa chai. Mimi naadhibiwa kwa mwendo mara moja, kisha kwa umbali.

Na pesa yenyewe inakwenda wapi? Katiba ya Virginia inataka faini za makosa ya sheria za jimbo ziingie kwenye mfuko wa shule. Vizuri sana, nani atapinga madawati? Lakini ukiandikiwa kosa hilo hilo chini ya sheria ndogo ya kaunti au mji, pesa inabaki kwa wenyeji. Basi kaunti iliyopitiwa na barabara kuu ni kama imerithi kisima. Kusini mwa Richmond, mji wa Hopewell ulijipatia sifa kwa kipande cha I-295 kisichofika maili mbili, ambacho watu walikibatiza Maili ya Dola Milioni. Huko Ohio, nje kidogo ya Columbus, palikuwa na kijiji kinaitwa New Rome, wakazi kama 60 tu. Kibao kilishuka ghafla kutoka 45 hadi 35, na polisi wa kijiji wakakaa hapo hapo kuvuna. Mwaka 2004 mahakama ikakifuta kijiji kizima kwenye orodha ya vijiji. Na Florida, chama cha wenye magari cha AAA kilifika mahali pa kuweka mabango barabarani kuwaonya madereva juu ya Waldo na Lawtey. Waldo ikavunja polisi wake mwaka 2014. Ukisikia wahenga wakisema mgeni njoo mwenyeji apone, hawakuwa wanazungumzia I-95, lakini wangeielewa haraka.

Wiki hiyo hiyo zikaanza kuja barua. Nilidhani mahakama imeniandikia. Hapana, ni mawakili. Bahasha nene, nembo za mizani, wengine wameweka na picha zao wakitabasamu mbele ya vitabu. Orodha ya kesi ni mambo ya wazi, wanaichota humo. Mmoja ananipa pole kwa "masaibu yaliyokukuta", mwingine ananitisha kwamba maisha yangu yako hatarini, wa tatu ana punguzo la bei. Tangu nihamie mtaa huu sijawahi kuandikiwa na watu wengi wanaonijali kiasi hicho. Shemeji akaziona mezani, akauliza nimeua nani.

Shemeji huyo ndiye aliyenipa ushauri maarufu: "Achana nayo. Jimbo jingine hilo, watakupata wapi?" Ushauri huu unazunguka kwenye kila sherehe yetu, pamoja na pilau. Jamani, usiufuate. Majimbo mengi yamefungamana kwa mikataba miwili. Mmoja unapeleka habari za kosa lako kwa jimbo lililokupa leseni, chini ya kauli yao kwamba dereva mmoja, leseni moja, rekodi moja. Wa pili unasema ukipuuza tiketi ya ugenini, jimbo lako lenyewe linakufungia leseni mpaka umalizane na waliokukamata. Yapo majimbo yaliyokataa kuingia, Michigan na Wisconsin kwa mfano hayamo katika wowote kati ya hiyo miwili, lakini mimi siishi Michigan na wewe pia pengine huishi. Ukifungiwa leseni unaweza usipate hata fununu mpaka siku unasimamishwa kwa taa mbovu ya nyuma, na hapo ndipo utakapowakumbuka washauri wa pilau.

Nililipa. Nilimpigia kwanza karani wa mahakama, mama mmoja mwenye sauti ya kubembeleza aliyeniita "honey" huku ananisomea gharama za mahakama zilizopanda juu ya faini. Nimewahi kuibiwa Kariakoo bila kuitwa jina zuri hivyo.

Kwa hiyo wewe unayekwenda Charlotte mwezi ujao: ukiingia Virginia, mwache shemeji akupite. Ukiandikiwa, soma tarehe iliyo chini ya karatasi, piga simu kabla haijafika, na uulize kama unaweza kumalizana nao bila kwenda, na ukilipa kitaandikwa nini. Na mchango wako utoe kabla ya kusafiri. Kamati ya harusi haipokei risiti ya faini badala ya mchango. Nimewauliza.