Barua kwa EPRA: Asante kwa Kutuondolea Ruzuku Tusiyowahi Kuiona

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA,
Nairobi.

Mheshimiwa,

KUH: SHUKRANI ZA WAPANGAJI WA KWARE, EMBAKASI KUSINI

Septemba 2022, siku ya kuapishwa kwake, Rais Ruto alitueleza kwamba ruzuku ya mafuta ilikuwa imemeza shilingi bilioni 144, bilioni 60 kati ya hizo katika miezi minne tu. Sisi wa Kware tuliingiwa na aibu. Tuliinua magodoro, tukakung'uta mikebe ya sukari, tukamhoji hata mwenye ploti. Hakuna aliyeziona.

Ndipo mmoja wetu akapiga hesabu. Ruzuku ilitolewa kwa lita. Tuseme ni shilingi 20 kila lita: mwenye gari kubwa akijaza tangi la lita 80 anaondoka na msaada wa shilingi 1,600, wala hajui kama amesaidiwa. Mama mwenye stovu akipimiwa nusu lita ya mafuta taa, msaada wake ni shilingi 10. Kwa hiyo mlipoanza kuizika ruzuku hatukulia. Tulikwenda matangani tukitarajia urithi: pesa zilizookolewa zingewafikia wapikao. Tukapokewa na bei mpya za tarehe 14 Septemba: petroli Nairobi 179.30, mafuta taa 147.94, kila moja imepanda kwa shilingi 20 hivi. Usawa wa kweli! Prado na stovu zilipanda pamoja.

Tunashukuru pia kwa heshima mnayotupa. Tangu 2018, kila lita ya mafuta taa hutozwa shilingi 18 za kuzuia uchakachuaji, ili walaghai wasiyachanganye na dizeli. Huku Kware tunachochanganya ni mahindi na maharagwe. Hata hivyo faini ya walaghai tumeilipa kwa uaminifu, kibaba kwa kibaba. Tunaomba basi hati za umiliki wa malori yao.

Kuhusu stima, mlitangaza 2023 kwamba bei ya chini kabisa ni ya nyumba isiyozidi uniti 30 kwa mwezi. Awali kikomo kilikuwa 100. Mpango mzuri, ukiwa na mita yako. Lakini ploti nyingi za huku zina mita moja na vyumba kumi. Kila chumba kina balbu, redio na simu ya kuchaji, ila mbele ya mita sisi sote ni tajiri mmoja mwenye matumizi ya anasa. Tungependa kumjua tajiri huyo. Huenda akatukopesha tokeni.

Gesi nayo iliondolewa VAT mwaka 2023. Hapo tunashukuru bila mzaha. Tatizo ni kwamba nafuu hiyo huja kwa mtungi wa kilo 6, na kibarua wa Industrial Area hulipwa kwa siku. Kujaza mtungi huo kunadai zaidi ya shilingi elfu moja kwa mkupuo. Mafuta taa hupimwa ya hamsini. Huo ndio uchumi wa kadogo, nao ndio unaotubakisha kwenye moshi, si ushamba. Tuliahidiwa mitungi ya bei nafuu ya Gas Yetu kupitia Shirika la Kitaifa la Mafuta, nayo ikaishia njiani.

Maombi yetu ni matatu. Kwanza, ruzuku ihesabu watu, isihesabu lita: iwalipie wapangaji mtungi na kichomeo cha kwanza, kisha isaidie gesi ya mita inayolipiwa kidogo kidogo kwa simu. Pili, uniti 30 zihesabiwe kwa chumba, si kwa ploti. Tatu, zile shilingi 18 zinazotoka kwenye stovu zitununulie cha kuchukua mahali pa stovu.

Tunajua mtajibu kwamba kodi hutungwa na Bunge, pesa hushikwa na Hazina, nanyi kazi yenu ni kutangaza bei tu. Haya, tangazeni. Lakini chini ya petroli, dizeli na mafuta taa, ongezeni mstari wa nne: mwezi huu pesa za ruzuku iliyoondolewa zimempikia nani.

Wenu watiifu, na walipaji wa kudumu,
Wapangaji wa Kware.

Nakala: Hazina ya Taifa, pamoja na ombi la risiti ya shilingi 5.40 tunazotozwa tangu 2020 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya kutuliza bei.