Laptopu Inayokoroma

Jana asubuhi, kati ya Shekilango na Manzese, ndani ya basi la mwendokasi lililojaa mpaka mlango unafungwa kwa dua, mama mmoja mwenye ndoo ya vitumbua alinitazama kifuani, akanitazama usoni, kisha akarudi kifuani. Begi nilikuwa nimelivaa kwa mbele, kama afanyavyo kila anayetaka kushuka na mali yake.

"Kaka," akasema, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuuzia mtaa mzima, "begi lako linanguruma."

"Ni laptopu, mama."

"Hujaizima?"

"Imelala."

Akatega sikio. "Mbona inakoroma?"

Basi zima likacheka. Nami nikacheka, maana ukishachekwa na basi zima huna jingine ila kujiunga. Lakini kijana aliyening'inia karibu yangu akagusa begi, akarudisha mkono haraka, akatangaza kwamba linaunguza na kwamba betri za namna hii hulipuka, kaona video. Kicheko kikakatika. Sekunde chache kabla, mguu wangu ulikuwa juu ya mguu wa mtu nisiyemjua. Sasa nikawa na uwanja wangu peke yangu. Mzee mwenye baraghashia akasema kwa upole uliouma kuliko tusi: "Mwanangu, shuka na kitu chako. Humu mna watoto."

"Shikamoo mzee," nikajibu, sijui kwa nini, nikashuka Tip Top.

Kitu chenyewe ni laptopu ya madevelopa. Ndivyo ilivyouzwa, kwa jina hilo, na Linux ikiwa imewekwa humo tangu kiwandani. Kwa miaka mingi sisi wapenzi wa programu huria tulinunua kompyuta yenye Windows, tukaifuta siku hiyohiyo, tukaweka Linux, kisha mwisho wa wiki wote ukaishia kwenye kutafuta draiva ya Wi-Fi. System76 ya Denver, Marekani, wakaanza mwaka 2005 kuuza kompyuta zilizokwisha kuwekwa Ubuntu, aina mojawapo ya Linux. Mwaka 2012 Dell wakaja na mradi uliobatizwa Sputnik: mfanyakazi wao Barton George alipewa na kampuni dola 40,000 ajaribu kuona kama madevelopa watanunua XPS 13 yenye Ubuntu. Walinunua. Mwaka 2020 Lenovo nao wakaleta ThinkPad zenye Fedora, aina nyingine ya Linux. Ahadi ni moja kwa wote: kila kilichomo kimeshajaribiwa, wewe fungua boksi ufanye kazi. Yangu haikutoka kwa hao niliowataja, na aliyeiuza simtaji, kwa kuwa dhamana haijaisha.

Usiku nimekesha nikisoma habari za kulala kwa kompyuta, na naomba mnivumilie, kwa sababu ni habari tamu.

Zamani laptopu ilikuwa na usingizi mmoja wa maana, unaoitwa S3. Umo kwenye kanuni za ACPI ambazo Intel, Microsoft na Toshiba walizitoa mwaka 1996. Ukifunga kifuniko, prosesa inakatiwa umeme, feni inakatiwa, diski na skrini vinakatiwa. Inabaki RAM peke yake. Hiyo haikatiwi kwa sababu kila herufi uliyoandika imekaa humo kama chaji ndani ya vikapasita vidogo mno, na vikapasita hivyo vinavuja. Kwa hiyo chipu za RAM zinajisoma na kujiandika upya, safu kwa safu, zikimaliza zote ndani ya milisekunde 64, kisha zinaanza tena. Usiku kucha. Wewe umelala, mashine umeiona imekufa, kumbe ndani kuna kitu kinarudia sentensi yako ya mwisho zaidi ya mara kumi na tano kwa sekunde kisije kikaisahau. Nikifika hapa hasira inanitoka kidogo.

Zikaja simu janja. Microsoft, walipotoa Windows 8 mwaka 2012, wakataka na kompyuta ilale kama simu: skrini imezimwa, barua pepe zinaendelea kuingia, ukigusa inaamka papo hapo. Usingizi huu mpya haukati umeme wa prosesa. Prosesa inabaki imewashwa, ila inavisihi vifaa vingine vyote vipunguze matumizi, na vikikubali vyote ndipo nayo inazama mpaka chini kabisa. Nimesema vyote. Ni kama nyumba ya msiba, wageni wamejaza mikeka sebuleni, taa imezimwa, kila mtu kajifunika khanga, halafu mtoto mmoja anaomba maji. Kwangu mtoto huyo ni kisoma kadi, kitundu cha ubavuni ambacho tangu ninunue sijakichomekea kitu. Draiva yake ya Linux haijui kukibembeleza. Kisipolala, prosesa hailali; prosesa isipolala ndani ya begi lililofungwa zipu, joto halina pa kutokea; feni inakurupuka kuokoa maisha; na mama wa vitumbua anasikia.

Ungesema basi, turudi kwenye S3. Hairudiki. Watengenezaji wengi walipoupokea usingizi mpya waliufuta wa zamani kwenye programu ya bodi, pale ambapo Linux haiwezi kuweka mkono. Kuna faili dogo linaloitwa mem_sleep. Ukilisoma linakutajia aina za usingizi ambazo mashine yako inazijua. Kwenye laptopu yangu kuukuu, niliyoinunua mtumba Kariakoo ikiwa na stika ya shule fulani ya Uingereza, lina maneno mawili: s2idle, usingizi mpya, na deep, ule wa zamani. Kwenye hii ya madevelopa lina s2idle tu. Ya mtumba inajua kulala fofofo. Ya wataalamu inasinzia.

Turudi Tip Top. Nikachukua bodaboda kwenda kutoa mada. Nilifika Posta mgongo umelowa kwa jua na kifua kimelowa kwa prosesa. Ukumbini mkurugenzi akanikaribisha, "Karibu mtaalamu," wajumbe wakageuza viti, nikafungua kifuniko. Betri sifuri.

Chaja ninayo. Lakini laptopu hii ilinunuliwa Ujerumani, pini zake ni mbili, za mviringo, na adapta niliiacha nyumbani. Soketi zetu zimefuata kanuni ya Waingereza ya mwaka 1947, na hiyo nayo ni kazi ya mtu aliyewaza: matundu mawili ya chini yana vifuniko kwa ndani, na kinachovifungua ni pini ya juu, ile ya ethi, ambayo ni ndefu kuliko wenzake na hutangulia kuingia. Pini mbili za Kijerumani haziwezi kuingia peke yake. Nchi nzima inajua dawa yake, hata katibu muhtasi, ambaye aliinuka bila kuulizwa akaniletea kalamu. Nikapiga magoti chini ya meza ya mkutano, kalamu kwenye tundu la ethi, makalio yamewaelekea wajumbe. (Si salama, na aliyebuni vifuniko hivyo aliwaza watu kama mimi.) Zikaingia. Zikatoka. Pini za Kijerumani ni nyembamba, plagi inalegea kwa uzito wake yenyewe, na betri tupu haisubiri. Mwishowe kijana wa ofisi akaambiwa achuchumae pale aishikilie kwa mkono mpaka nimalize. Mada yangu ilihusu mifumo inayojiendesha bila kuhitaji uangalizi wa mtu.

Kijana alimwita Mungu mara mbili wakati wa maswali, mkono ulipomfa ganzi.

Msicheke sana, hapa hamna kichekesho. Anayejaribu laptopu hizi kiwandani anazijaribu juu ya meza yenye soketi ambayo haijawahi kumtupa. Kwake, betri ikiisha usingizini ni usumbufu wa dakika, anachomeka anaendelea. Kwetu betri ni ghala. Unaifunga usiku ikiwa imejaa kwa sababu huijui kesho ya umeme, unaamka umeme haupo na ghala limeliwa na kisoma kadi. Usingizi kwetu ni sehemu ya kazi, na ndio uliofutwa bila kuulizwa mtu wa huku. Tungeulizwa wapi? Kwenye ukurasa wa kuagiza, orodha ya nchi wanazopeleka mzigo inatoka Taiwan inaruka kwenda Thailand. Ndiyo maana mashine yangu ilikuja ndani ya sanduku la shemeji, imeviringishwa kwenye masweta. Nao Canonical, wenye Ubuntu, mpaka mwaka 2011 walikuwa wakituma CD bure kwa yeyote aliyeomba, hata kwenye sanduku la posta la Tanzania. Programu ilipokuwa haina bei tulikuwa duniani. Ilipopata bodi na bei ya pikipiki, tukatolewa kwenye orodha.

Niliwaandikia huduma kwa wateja. Wamenijibu kwa adabu kubwa kwamba, kwa matokeo bora, niizime kabisa kabla ya kuiweka kwenye begi.

Kuna na mengine. Kisoma alama ya kidole kinanikataa kila nikitoka kula. Kibodi ni ya Kijerumani, Y na Z zimebadilishana makazi, kwa hiyo kwa wiki nzima niliwaandikia wateja kwamba "kayi zangu" inaendelea vizuri. Kwenye mkutano wa mtandaoni nilishiriki skrini, wenzangu wakaona weusi mtupu, maana Wayland, inayochora madirisha kwenye Linux, hairuhusu programu moja kuchungulia dirisha la nyingine bila kibali, na kibali kilikuwa kinaombwa kwenye kidirisha kilichojificha nyuma ya dirisha la mkutano.

Leo mchana nimeipeleka kwa fundi Kariakoo asafishe feni, ambayo sasa inalia hata ikiwa macho. Aliiwasha, akasubiri, akaona Ubuntu, akanitazama kwa huruma ya kweli.

"Bro, hapa umepigwa. Waliokuuzia hawajakuwekea Windows."

Nikamweleza kwamba nililipia ili isiwekwe. Akaweka bisibisi chini, akamwita mwenzake wa duka la pili aje anione.